Karibu Ndani, Mwanangu: Mwongozo Kamili wa Kuisoma Hadithi Fupi "The Landlady"

Katika "The Landlady" ya Roald Dahl hamna damu hata tone. Hamna kisu, hamna mzimu, hamna hata mtu anayepaza sauti. Kuna kijana aliyechoka na safari, mama mpole anayemfungulia mlango, moto unaowaka na chai. Ukiisoma mbiombio unaweza kuifunga ukajiuliza, "Ndiyo nini sasa?" Nimewaona wasomaji wazuri wakiuliza hivyo na siwalaumu, maana hadithi yenyewe imeandikwa ili ikupite. Mwongozo huu ni wa kukusaidia isikupite.

Ninachokiamini kuhusu hadithi hii ni hiki: mwandishi hakutuficha kitu. Kila jambo linasemwa waziwazi, kwa sauti ya kawaida, kikombe kikiwa mkononi. Kinachotuziba macho ni adabu. Na sisi tuliokuzwa kwa "karibu", "pita ndani", "jisikie nyumbani", tuna sababu zaidi ya kunaswa na mtego uleule uliomnasa kijana wa watu.

Kabla hujaanza

Itafute hadithi yenyewe. Ilitoka kwanza katika jarida la The New Yorker, Novemba 1959, kisha ikaingia katika mkusanyiko wa Dahl uitwao Kiss Kiss mwaka 1960. Mwaka huohuo ikapata tuzo ya Edgar, inayotolewa na chama cha waandishi wa hadithi za uhalifu nchini Marekani. Kiingereza chake ni chepesi, na aliyemaliza sekondari atakimudu bila kamusi. Ni fupi, unaisoma kwa kikao kimoja.

Kuanzia Hatua ya 3 nitaufungua mwisho wake bila kuzunguka. Kama hujaisoma, simama hapa, uende ukaisome, halafu urudi. Nakuomba kwa dhati, kwa sababu mshtuko wa mara ya kwanza hauji mara mbili.

Hatua ya 1: Isome mara moja, usiku, bila kusimama

Chukua penseli. Kila unapohisi kitu kimekaa upande, weka nukta pembeni mwa mstari. Usiandike sababu wala usirudi nyuma. Lengo ni kuupa mwili nafasi ya kuhisi kabla akili haijaanza kueleza. Ukimaliza, hesabu nukta zako, kisha andika sentensi moja tu: "Nadhani kilichotokea ni…" Iweke karatasi hiyo mahali, tutaihitaji.

Hatua ya 2: Ijue dunia ya Billy

Billy Weaver ana miaka 17. Ametoka London kwa treni ya alasiri, ile inayosimama kila mahali, na anashuka Bath, mji wa magharibi mwa Uingereza, yapata saa tatu usiku. Baridi ni kali na upepo unamkata mashavu. Amevaa koti jipya, kofia mpya, suti mpya. Ofisi kuu imemtuma akaripoti kwa meneja wa tawi, na kabla ya hapo atafute pa kulala. Anatembea harakaharaka kwa sababu ameamua kwamba wakubwa wote wa biashara hutembea hivyo. Shikilia hapo. Huyu ni mtoto anayejifunza kuwa mtu mzima kwa kuiga, na anayeiga utu uzima huogopa sana kuonekana hana adabu.

Dahl aliyajua maisha hayo. Alizaliwa Cardiff mwaka 1916 kwa wazazi kutoka Norway, akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell mwaka 1934 alipotoka shule, naye akapitia koti jipya na maagizo ya wakubwa. Mwaka 1938 kampuni ilimpeleka Dar es Salaam. Huko alijifunza Kiswahili, na vita vilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Sisemi kwamba "The Landlady" ina chembe ya Dar es Salaam ndani yake, haina. Ila hunigusa kujua kwamba mtu aliyeandika makaribisho ya kutisha kuliko yote niliyowahi kusoma aliwahi kukaribishwa kwa lugha hii tunayoisoma sasa.

Jambo lingine la kujua ni bei. Mama mwenye nyumba anataka shilingi tano na peni sita kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa. Shilingi ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na peni 12, kwa hiyo hiyo ni shilingi tano na nusu. Billy alikuwa tayari kulipa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Waswahili husema rahisi inavunja upishi. Billy hakuwa na wa kumwambia.

Hatua ya 3: Simama dirishani

Sasa rudi mwanzo na usome polepole. Mchukuzi wa stesheni amemwelekeza Billy kwenye hoteli ndogo yenye baa, mbele kidogo tu. Akiwa njiani anaona tangazo dirishani: chumba na kifungua kinywa. Anachungulia. Moto unawaka. Mbele ya moto amelala mbwa mdogo wa miguu mifupi, pua ameificha tumboni. Kuna piano, makochi manene, na kasuku mkubwa ndani ya tundu. Billy anajiambia kwamba wanyama ni dalili nzuri katika nyumba.

Ukiwa umeshaujua mwisho, mstari huo unakuchoma, kwa sababu mbwa yule na kasuku yule wote ni wafu. Wamechunwa, wakajazwa na kushonwa kwa ustadi kama ndege wanaoonyeshwa kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Billy anatazama maiti mbili na kuona ukarimu. Nasi tuliona alichokiona yeye. Yasome upya maneno ya maelezo, uone kama yanasema mbwa alipumua, au mkia ulitikisika, au kasuku alisema neno. Hakuna. Mwandishi hakudanganya, ametuachia sisi tuujaze uhai.

Halafu kuna jambo la ajabu zaidi. Billy anageuka aende zake hotelini, na lile tangazo linamshika kama jicho kubwa jeusi linalomtazama kupitia kioo. Miguu inampeleka mlangoni. Anabonyeza kengele, na kabla hajaondoa kidole mlango umeshafunguka. Dahl alieleza miaka mingi baadaye kwamba alidhamiria kuandika hadithi ya mizimu, ikamshinda, akaubadilisha mwisho. Nadhani hapa mlangoni ndipo ulipobaki mzimu wenyewe. Kwa ukurasa mmoja hatujui kama Billy anavutwa na uchawi au na baridi, na mwandishi hatuambii kamwe.

Hatua ya 4: Rangi mbili

Chukua kalamu za rangi mbili. Kwa nyekundu pigia mstari kila anachosema mama mwenye nyumba kisicho cha kawaida. Kwa bluu pigia mstari kila udhuru ambao Billy anamtafutia. Utagundua kwamba kila nyekundu inafuatwa na bluu, mara nyingi papo hapo.

Mama anasema nyumba yote ni yao wawili tu, na kweli pale ukumbini hakuna kofia wala koti jingine. Billy anajiambia bibi huyu ana wazimu kidogo, lakini kwa bei hii, nani anajali? Mama anasema huwa anachagua sana wageni, ila kila kitu kiko tayari usiku na mchana endapo atatokea kijana anayefaa kabisa. Anasema hivyo huku macho yake yakishuka taratibu kutoka kichwani mwa Billy hadi miguuni, kisha yakapanda tena. Kitandani ameshaweka chupa ya maji ya moto, kama vile alimtarajia. Billy anajiambia huenda alifiwa na mwanawe vitani, uchungu haujamwisha.

Hapo ndipo ninapoumia kila mara. Billy si mjinga. Anaona kila kitu na anakieleza kila kitu, isipokuwa anachagua maelezo yenye huruma. Fikiria mkutano huo ungekuwa kwetu. Kijana angetoa shikamoo, mama angeitikia marahaba, na basi. Ukishamwamkia mtu mzima hivyo, utamwambiaje usoni, "Mama, mbona unanitazama kama fundi anayepima kitambaa?" Unatabasamu, unavua koti, unakaa.

Hatua ya 5: Jaribu kuitafsiri

Hatua hii ndiyo inayofundisha kuliko zote, na ndiyo wasomaji wengi huiruka. Huhitaji kuitafsiri hadithi nzima. Chagua mistari minne au mitano ya mama na ujaribu kuiweka kwa Kiswahili bila kuvunja siri. Utaona mwandishi alivyopima kila neno.

Anza na anavyomwita Billy. Ukimwandikia "mpenzi" umeshaharibu, na ukimwandikia "kijana" umempooza. Mimi humwandikia "mwanangu", kwa sababu ndilo neno ambalo mama yeyote wa rika lake angelitumia kwa mgeni wa miaka 17, na kwa sababu linatisha zaidi ukilirudia.

Njoo kwenye kitabu cha wageni. Mama anamtaka Billy atie sahihi kwa kuwa ndiyo sheria. Billy anakuta majina mawili tu juu ya lake: Christopher Mulholland wa Cardiff na Gregory Temple wa Bristol. La karibuni lina zaidi ya miaka miwili, na majina yote mawili anakumbuka kuyaona mahali fulani, pengine gazetini, tena pamoja. Anapokaribia kukumbuka, mama anamkatiza kwa maziwa na sukari. Kisha Billy anauliza kama wageni wale waliondoka karibuni, na mama anashangaa: waliondoka? Hawajaondoka. Wako ghorofa ya juu, wote wawili pamoja.

Kiingereza hapo kinapita bila kukwaruza. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Ukiandika "yupo", unasema mtu yu hai na anaonekana, maana aliyefariki tunasema hatunaye. Ukiandika "yuko juu", umeacha mlango wazi kidogo. Ukiandika "yumo", umeshamfungia ndani ya kitu. Mimi nilihangaika sana, nikatulia kwenye "yuko", na kule kuhangaika ndiko kulikonifundisha jinsi sentensi ile ilivyo ya kweli. Mama hasemi uongo. Wako. Hawajaondoka.

Tazama na nyakati za vitenzi. Anaposema Mulholland naye alikuwa na miaka 17, "alikuwa" ina tafsiri mbili zilizo sahihi sawasawa. Ya kwanza: alikuwa na miaka hiyo alipofika, sasa ana 20. Ya pili: hakufikisha 18. Temple alikuwa na miaka 28, mama anaendelea, ila mwili wake haukuwa na doa hata moja. Billy anashtuka, "Haukuwa na nini?" Na mama anajibu kwa upole kwamba ngozi yake ilikuwa kama ya mtoto mchanga. Mwenye gesti anaujuaje mwili mzima wa mgeni wake? Swali hilo halimo ukurasani. Limeachwa mdomoni mwako.

Mstari mgumu kuliko yote ni ule wa mama kusema kwamba huwajaza mwenyewe wanyama wake wadogo wanapofariki. Ukisema "wanyama wangu" siri imekufa, kwa kuwa Kiswahili hakimwiti kijana mnyama ila kwa matusi. "Vipenzi vyangu" ndilo neno, kwa sababu mbwa ni kipenzi na mtu ni kipenzi. Na tazama ngeli inavyomsaidia mama huyu: "vipenzi vyangu wanapo…", kitenzi kinaingia A-WA, na A-WA haimbagui kasuku, mbwa wala kijana kutoka Cardiff. Lakini tena, wanapofanya nini? Kwetu mnyama hufa, ni mtu anayefariki au kuaga dunia. Ukiandika "wanapoaga dunia" umeshika heshima ya Kiingereza cha mama, na hapohapo sikio la Mswahili linasimama. Sijapata suluhisho linaloniridhisha. Kama umelipata, hongera sana, umeisoma hadithi hii kwa undani kuliko mimi.

Hatua ya 6: Pua na ulimi

Mara kwa mara Billy ananusa kitu kinachotoka mwilini mwa mama. Hajui kinamkumbusha nini, labda ngozi mpya, labda ushoroba wa hospitali. Mtu anayechuna na kuhifadhi ngozi kwa dawa, angenukaje?

Na chai. Karibu na mwisho tunaambiwa ina ladha hafifu ya lozi chungu, na Billy haipendi sana. Basi. Hakuna maelezo zaidi. Msomaji wa riwaya za upelelezi wa enzi hizo alijua papo hapo kwamba harufu ya lozi chungu ni alama ya sianidi. Wengi wetu hatukukulia kwenye riwaya hizo, lakini sumu yenyewe tunaijua kupitia jikoni. Ndiyo inayotoka kwenye muhogo mchungu, ile inayowafanya wapishi wa Mtwara na wa Kongo kuuloweka na kuuanika kabla haujawa unga. Anayejua kwa nini bibi yake hakukubali njia ya mkato katika kuuandaa muhogo ule ameshaelewa kikombe cha Billy.

Rudi uhakikishe kama alikunywa. Ndiyo, alishaanza kunywa mapema, polepole, huku mama akimtazama juu ya ukingo wa kikombe chake. Mama anapomkaribisha kikombe cha pili, Billy anakataa kwa adabu. Wasomaji wengine hulishika tumaini hilo. Mimi siwezi.

Hatua ya 7: Ruhusu kicheko

Hadithi hii inachekesha, na usione haya kucheka. Katika darasa la fasihi tungeita hali hii kinaya: msomaji anajua asichokijua mhusika. Hapa kinaya kinakuja kwa kuchelewa. Kicheko kinatoka kwanza, sababu yake inafika baadaye na kukikata.

Mfano wangu wa daima ni yai. Baada ya kutaja bei, mama anaharakisha kusema kwamba kama ni ghali anaweza kupunguza, mayai yamepanda bei siku hizi, bila yai itapungua peni sita. Mara ya kwanza unacheka kwa sababu umeshawahi kukutana na mama wa namna hiyo. Mara ya pili unajua kwamba asubuhi hiyo haitafika, na bado anapiga hesabu ya yai.

Mwingine ni Billy na mbwa. Hatimaye anamgusa mgongoni na kumkuta mgumu, wa baridi. Mtu mwingine angekimbia. Billy anasifia. Anasema lazima kazi kama hii ni ngumu sana kuifanya. Yaani hata akiwa ameushika ushahidi kwa vidole vyake, anatafuta neno la kumfurahisha mwenyeji.

Na kitabu cha wageni kinarudi pia. Muda wote mama amekuwa akikosea jina la Billy, tukadhani ni usahaulifu wa umri. Sasa anaeleza kwa nini sahihi ni muhimu: akija kulisahau jina lake atashuka alitazame, kama anavyofanya karibu kila siku kwa Bwana Mulholland na Bwana… Bwana… Billy ndiye anayemsaidia kumalizia: Temple. Sijui mstari wa kuchekesha na kuhuzunisha kama huu katika hadithi fupi yoyote.

Hatua ya 8: Andika sentensi inayofuata, kisha uifute

Billy anauliza kama hapakuwa na wageni wengine kwa miaka hiyo miwili mitatu. Mama anatabasamu na kumjibu kwamba hapana, ni wewe tu. Hadithi inaishia hapo.

Toa ile karatasi ya Hatua ya 1. Igeuze kuwa sentensi moja ya hadithi, kana kwamba Dahl aliendelea: kichwa cha Billy kikawa kizito, au kikombe kikamponyoka. Ibandike mwishoni na usome ukurasa wa mwisho wote kwa sauti. Utasikia taharuki ikivuja kama hewa kwenye tairi. Sasa ifute, usome tena. Kwa kutomwua Billy mbele yetu, mwandishi amemwacha akiwa amekaa pale daima, kikombe mkononi, akiwa bado na muda wa kuinuka. Tunataka kumpigia kelele na hatuwezi.

Imeigizwa pia kwenye televisheni, katika kipindi cha Alfred Hitchcock mwaka 1961 na tena Uingereza mwaka 1979. Tazama baadaye, usitangulize. Kamera haina budi kumwonyesha kasuku, na jicho lina wivu wa kujua kama anapumua.

Ukitaka kuwasomea wengine

Wasomee usiku, watu watano au sita wanatosha. Usiikandamize sauti kwenye dalili wala usiwakonyeze. Maneno ya mama yasome kwa upole wa kweli, kama unavyozungumza na mgeni unayempenda. Lile neno la chai lipitishe upesi kama halina maana. Ukifika mwisho, funga kitabu na ukae kimya. Usieleze. Kwa kawaida kimya kitadumu kidogo, mtu mmoja atasema haelewi, halafu mwingine, aliyekuwa ameinamisha kichwa, atauliza taratibu, "Ile chai… ilikuwa na ladha gani?"